Nani Atamzika Mfalme Kiu?

Kisangani, Kabondo
8 Agosti 2024

Papa Chimène,

Trésor anaondoka na pikipiki yake kuja huko kesho alfajiri, kwa hiyo naandika upesi, utanisamehe mwandiko. Antena ya simu ya huko kwenu Opala bado haijatengenezwa. Ingekuwa inafanya kazi ningekupigia, ningelia kidogo, halafu ningekata.

Issa amefariki. Jumamosi tarehe tatu, asubuhi. Presha. Alikuwa uani anafunga kiti cha kekele, ncha ya ule ugwe wa henzerani ameishika kwa meno kama kawaida yake. Akasema, "Safiya, kichwa," akalala ubavu. Nilipofika ncha ilikuwa bado mdomoni. Tulimzika kesho yake saa tatu. Niliangalia mlangoni mara nyingi nikidhani utatokea, wewe uliyemwandikia kila neno alilosema redioni kwa miaka kumi na moja. Wanasema redio ndogo ya Opala nayo hurusha mchezo wenu. Pengine ulisikia, pengine umeme haukuwepo.

Sasa sikiliza kilichotupata. Shemeji yangu Fadhili alipeleka tangazo la msiba redioni. Karatasi ilisema: Issa Zuberi, fundi wa viti. Florentine, yule msomaji, alitaka kutusaidia. Akafikiri, nani anamjua Issa Zuberi? Sauti ya Mfalme Kiu ndiyo mji mzima unaijua. Jioni ile, saa kumi na mbili, wakarusha sehemu uliyoituma mwezi wa sita, ile Mfalme Kiu anapambana na binti wa mtumbwi na kuanguka kwenye maporomoko. Maiti ilikuwa chumbani imefunikwa, na yeye anacheka kwenye redio ya jirani. Ngoma za mchezo hazijanyamaza, Florentine akasoma: "Mfalme Kiu hatunaye tena. Mazishi ni kesho asubuhi, familia iko Kabondo." Kwa sauti ileile ya mchezo!

Nilisikia uani kwa jirani wakipiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu mutu ni mujanja, mara ya ine sasa!" Kweli, ulishamuua mara tatu. Ulimchoma kwenye tanuru la wafinyanzi, ukamtia tumboni mwa mamba, ukampasua kwa mtumbwi. Mara tatu akarudi akiomba maji. Watu wakajua na hii ni hivyo hivyo.

Makaburini walikuja wanaume kumi na wanne, na wanne kati yao ni wachimbaji.

Mimi niko kwenye eda, miezi minne na siku kumi sitoki. Siwezi kupita mlango kwa mlango nikisema mume wangu amekufa. Nakuomba jambo moja tu. Andika sehemu fupi, iseme Kiu amekufa na hatarudi. Wakiamini hilo wataamini na hili lingine. Arobaini yake ni Jumatano tarehe 11 Septemba. Nataka kufikia siku hiyo watu wawe wamejua, waje wamwombee.

Safiya


Opala
13 Agosti 2024

Mama Nadia,

Barua yako imefika jana. Sijui niseme nini. Pole sana, wewe na Nadia na Fadhili. Chimène na mama yake wanalia tangu jana.

Jumamosi ile sikuwa karibu na redio. Ningejua ningekuja hata kwa miguu.

Kuhusu Mfalme Kiu, naomba unielewe, si jambo jepesi kama linavyoonekana kwa nje. Mtu aliyeanguka kwenye maji na hakuna aliyemwopoa, msikilizaji hawezi kukubali kwamba amekufa. Hiyo ni sheria ya hadithi, mimi sikuiweka. Pia Kiu ana vibuyu saba alivyofungia mito, na mpaka sasa binti wa mtumbwi amefungua vitano. Nikimuua leo, mito miwili inabaki imefungwa, na wasikilizaji wa Yanonge na Isangi wataniuliza mto wao uko wapi. Halafu kuna upande wa pango, ambao nilishaanza kuuandaa tangu sehemu ya mia mbili.

Zipo kanda nyingi za kicheko cha Issa pale redioni. Florentine anaweza kuzitumia kwa muda. Huenda ni vizuri hivyo. Watu wampende kwanza.

Mvua zimeanza, barabara ni matope. Nitajitahidi.

Constant


Kisangani
18 Agosti 2024

Papa Chimène,

Nilikuuliza kama mtu amekufa, umenijibu habari za vibuyu.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali umejibu. Nadia akaisoma kwa sauti, labda mimi ndiye nisiyeona vizuri. Naye hakuona.

Acha nikueleze hali ya hapa. Jumamosi ya tarehe kumi Fadhili alirudi redioni, akamwambia Florentine, dada, umetuharibia, sahihisha. Florentine alilia, masikini, hana ubaya. Akasoma jioni: "Wapendwa wasikilizaji, hii si mchezo, tunasema kweli tupu, mutu mwenye kusema maneno ya Kiu amekufa." Bon. Unakumbuka mwaka wa jana uliandika mpiga mbiu wa Kiu, anayeapa sokoni "nasema kweli tupu" kila anapodanganya? Mji mzima ulikumbuka. Walicheka kuliko mara ya kwanza. Mwuza mkate alisimama hapa mlangoni akasema, "Mama Kiu, mwambie papa atoke, tumeshajua!" Nikamwambia, papa amekufa. Akaniangalia, akaona kitambaa cheupe nilichojifunga, akasema, "Ee, na wewe wamekupa sehemu ya kucheza?"

Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Alinipa mkate mmoja bure kwa jinsi alivyofurahi.

Jana wakarusha sehemu ya zamani. Tangu saa kumi na mbili kasorobo nilijua anakuja. Unajua alikipata wapi kile kicheko? Alikuwa anaingiza uso kwenye sufuria kubwa tupu ya pilau na kucheka humo ndani, ndipo sauti ikawa nene. Mara ya kwanza sufuria ilikuwa na masizi, akatoka mweusi puani, Nadia akakimbia. Aliosha uso akarudi kwenye sufuria. Alikuwa mtu wa kurudia kitu mpaka kikae.

Usiniambie habari ya kumpenda kwanza. Walishampenda, miaka kumi na moja. Sasa wamzike.

Niandikie sehemu hiyo. Sheria za hadithi zitavunjika mara moja, hazitakufa.

Safiya


Opala
23 Agosti 2024

Mama Nadia,

Una haki. Nimekesha nayo siku mbili.

Naiweka humu, kurasa nane. Binti wa mtumbwi anamkuta Kiu chini ya maporomoko, amechoka, na mkuki wa babu yake unaingia hapa kifuani. Kiu anasema maneno yake ya mwisho, kisha kimya. Kicheko hakuna. Nimeandika kabisa kwa herufi kubwa: AMEKUFA.

Mpe Fadhili aipeleke kwa Florentine. Sasa moyo wako utulie.

Constant


Kisangani
28 Agosti 2024

Papa Chimène,

Sikuipeleka.

Mimi si mtu wa kusoma sana, niliishia mwaka wa nne wa sekondari. Lakini kwa miaka kumi na moja madaftari yako yalikuwa yanafika kwanza mikononi mwangu, kwa sababu Issa alikuwa anasoma polepole na mimi ndiye niliyekuwa namsomea akishika kwa kichwa. Nakujua unavyoandika. Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa nane, mstari wa mwisho. "Na mkononi mwake, vidole vikiwa vimekaza, kilikuwepo kibuyu kimoja, na ndani yake kitu kilitikisika."

Kwa nini kitu kilitikisika, Papa Chimène?

Na mwili umeuacha pale kwenye mawe. Binti wa mtumbwi anageuka anakwenda zake. Nani anaacha maiti kwenye mawe akaenda zake? Hata adui. Kwetu hapa mtu hafi kwa mkuki wala kwa maneno ya mwisho. Mtu anakufa pale watu wanapotafuta jembe, wanapogombania nani ana sanda, nani ataazima turubai, nani atachota maji. Ungeandika watu wawili wanabishana habari ya jembe, mji mzima ungeamini. Lakini umeniandikia kibuyu.

Unanichezea. Nasema polepole, lakini nasema.

Halafu nimeona kitu kingine. Nimepanga barua zako mbili kwenye mkeka, pamoja na hii sehemu. Neno "marehemu" haliko. "Issa amekufa" haliko. Umeandika "sijui niseme nini". Umeandika "moyo wako utulie". Kicheko cha Issa, kanda za Issa. Kama ndiyo mara ya kwanza unasikia kifo chake, mbona hukuniuliza hata swali moja? Watu wote huuliza. Aliumwa siku ngapi? Alisema nini? Nani alimwosha? Wewe ni rafiki yake kuliko wote, hukuuliza.

Kwa hiyo nauliza mimi. Jumamosi ile, saa kumi na mbili jioni, ulikuwa wapi?

Arobaini imebaki wiki mbili. Mpaka leo waliokuja kunipa pole, ukiondoa ndugu, ni watano. Mmoja alikuja kuuliza kiti chake kama kimekwisha, akapata habari hapohapo. Alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo.

Safiya


Opala
1 Septemba 2024

Mama Nadia,

Nilidanganya. Nilikuwa karibu na redio. Ilikuwa mkononi mwangu.

Kila Jumamosi watu wanakuja kwangu kusikiliza, wanajaa mpaka njiani, na mimi najifanya sijui kitakachotokea. Siku hiyo baada ya maporomoko Florentine akasoma lile tangazo. Mimi sikuwa nimeliandika. Watu wakanigeukia. "Mwalimu, ni kweli?" Na mimi, Mama Nadia, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Niliona ni Issa, amemshawishi Florentine, amejitungia kifo cha nne bila kuniambia, na ni kizuri kuliko vyangu vyote vitatu. Nilisikia hata wivu kidogo. Nikawaambia, "Huyo? Huyo hafi! Ngojeni wiki ijayo."

Kwa siku tisa nilitembea na jambo hilo kama mtu mwenye mtoto mchanga. Sokoni nilicheka. Shuleni niliwaeleza walimu. Wenye boti walichukua habari wakashuka nayo mto Lomami mpaka Isangi: Mwalimu mwenyewe amesema, hafi. Barua yako ya kwanza Trésor aliniletea nikiwa katikati ya watu. Niliifungua nikiwa bado na meno nje. Nilidhani ni Issa anajisifu.

Nilisoma mistari mitatu, nikaikunja. Wakauliza, "Mwalimu, wanasema nini Kisangani?" Nikajibu, "Salamu tu."

Tangu siku hiyo kila ninapopita wananiita, "Mwalimu, Kiu anarudi lini?" na mimi nasema, "Karibu." Siku ishirini nasema karibu. Nikiandika kwamba amekufa, itabidi niwaambie watu hawa nilicheka nini, na wao walicheka nini. Ndiyo sababu ya vibuyu. Kila nikifika pale pa kumzika mkono unaandika kitu kimetikisika.

Hukuniuliza vibaya. Aliumwa siku ngapi? Alisema nini zaidi ya kichwa? Nani alimwosha?

Sistahili kujibiwa.

Constant


Kisangani
5 Septemba 2024

Papa Chimène,

Barua yako niliitupa chini, Nadia akaiokota. Jioni nikaiomba tena.

Hakuumwa hata siku moja. Hakusema zaidi. Waliomwosha ni Fadhili na wazee wawili wa msikiti, maji nilichota mimi.

Nina hasira na wewe. Nataka uijue, sitaifunga kwenye kitambaa. Kwa sababu yako kuna watu mpaka Isangi wanaomngoja mume wangu. Lakini nitakuambia jambo ambalo hata Nadia halijui, halafu tutakuwa tumemaliza.

Jumamosi ile, jirani alipofungua redio na kicheko kikaanza, mimi niliinuka. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikainuka nikaenda mpaka mlango wa chumba, nikafungua mdomo kumwambia, "Issa, punguza, kuna wageni." Mkono wangu ulikuwa kwenye pazia. Nilikuwa nimechota yale maji mwenyewe, na bado niliinuka.

Basi usijione uko peke yako uliyedanganywa na sauti ile.

Mwache Kiu. Afe, asife, sitaki tena kurasa. Florentine aendelee na kanda zake kama anaweza, mimi nitaziba masikio Jumamosi nusu saa. Nimechoka kuomba ruhusa kwenye hadithi ili mume wangu awe maiti. Ninachokitaka ni wewe. Uje Jumatano. Uje bila daftari. Hujafika, hujasema neno, na kwako wewe bado yuko hai kidogo, hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mwuza mkate.

Trésor anangoja mlangoni, anasema mvua inakuja.

Safiya


Lubunga, kwenye kituo cha mitumbwi
12 Septemba 2024, asubuhi

Mama Nadia,

Najua siku ilikuwa jana. Barua yako ilifika tarehe nane, usiku huohuo nikapanda boti kwa sababu barabara imekatika. Tulishuka Lomami vizuri, tukaingia mto mkubwa pale Isangi, lakini kabla ya Yanonge mashine ikafa, tukalala kwenye matete siku nzima na nusu. Nilikuwa napiga hesabu ya saa kama mgonjwa. Jana alasiri, mlipokuwa mnasoma hitima, mimi nilikuwa nashika kamba ya mashine na mikono ina damu. Tumefika upande huu alfajiri. Naiona Kisangani ng'ambo. Nimemwomba mpiga kasia akuletee karatasi hii kwanza. Siwezi kuja mlangoni kwako siku ya arobaini na moja bila kuitwa.

Kuna jambo moja lazima ulijue kabla hujajibu. Tulipokuwa tumekwama, mama mmoja mwuza samaki, Clémence wa Isangi, alinitambua. Akapiga kelele, "Aa, si Mwalimu wa Kiu huyu! Alors, Mwalimu, tuambie, tuko peke yetu hapa, yule mutu iko muzima?" Boti nzima ikageuka. Wamekaa juu ya magunia, wanatabasamu, hawana cha kufanya, wanangoja.

Nikasema, "Amekufa."

Wakacheka. Clémence akasema, "Tunajua, tunajua. Na anarudi lini?"

Nikasema tena. Nikasema: Anaitwa Issa Zuberi. Alikuwa fundi wa viti, Kabondo. Alikufa Jumamosi asubuhi, kichwa kilimuuma, mke wake alichota maji ya kumwosha. Lile tangazo lilikuwa kweli, na mimi niliwaambia si kweli. Nilisema yote, hata la nguzo niliyoishika nikicheka. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akauliza polepole, "Na Kiu?" Nikamwambia, Papa, Kiu hakuwa na mdomo mwingine.

Nilidhani watanitupa majini. Mama Clémence akavua kilemba chake, akakikunja magotini, akasema, "Kumbe tulicheka maiti ya mutu." Akaanza kulia kwa ile sauti ya kwao, ya mto, na wanawake wengine wakaichukua. Walilia mpaka giza. Kwenye matete, Mama Nadia, boti imekufa, hakuna jirani wa kutunyamazisha.

Leo nilipowaaga hawakuagika. Wanasema hawawezi kupita mji huu bila kufika msibani. Wengine wana samaki, mmoja ana ndizi, yule mzee hana kitu ila amenyoa. Tuko watu kumi na saba hapa ukingoni.

Tuvuke?

Constant


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Papa Chimène,

Jana tulikuwa tisa.

Vukeni wote. Viti havitoshi, mtakaa kwenye mikeka. Fadhili atawapokea, mimi nitakuwa nyuma ya pazia, eda yangu bado, lakini nitasikia kila kitu. Chai nimeshaiweka motoni.

Ukifika usiingie kwanza. Simama njiani mbele ya mlango, mahali mwuza mkate anaposimama. Majirani wako nje saa hizi, wanafua. Sema, kwa sauti yako ya darasani, umekuja kwa msiba wa marehemu Issa Zuberi. Wakicheka, sema tena. Sema mpaka waache kufua.

Safiya